Kebo Kwanza, Gitaa Baadaye: Maneno ya Mpiga Besi kwa Wanamuziki Vijana wa Nairobi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu wa muziki, wazee wa bendi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi nasi, na ninyi vijana mliofika na magitaa migongoni: hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu vifaa vya mpiga besi, na aliyenialika alinidokezea kwamba wengi wenu mmekuja kusikia jambo moja tu, yaani mnunue gitaa gani. Nitalifikia, ila nitachelewa kulifikia, na kuchelewa huko kuna sababu yake. Nimepiga besi katika mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini, harusini na makanisani, hotelini na katika kumbi za zilipendwa, na sikumbuki hata siku moja niliyokosa kazi kwa sababu gitaa langu lilikuwa la bei nafuu. Nimekosa kazi kwa sababu ya kebo. Nimeaibika mbele ya waumini mia kadhaa kwa sababu ya betri inayotoshea kiganjani. Nimeunguza ampu ya watu, yaani kikuza sauti, kwa sababu sikusoma maandishi yaliyokuwa nyuma yake. Kwa hiyo namwambia hivi kijana mwenye fedha za kuhesabu: anza kununua kile ambacho kikiharibika muziki unasimama, na kile cha kuupamba muziki kisubiri zamu yake.

Sababu iko katika kazi yenyewe. Mpiga solo akikatikiwa na uzi katikati ya wimbo, mwimbaji atacheka, mpiga kinanda ataziba pengo, na watu wataendelea kucheza. Besi ikizimika, hata shangazi wa bwana harusi ambaye hajawahi kujua besi ni ipi kati ya vyombo vile atageuza shingo kulitazama jukwaa, maana kitu kilichokuwa kikimbeba kiuno kimeondoka ghafla. Wanaonipigia simu Ijumaa usiku hawaniulizi kama gitaa langu limetoka Marekani. Wananiuliza kama nitafika saa mbili na kama nitakuja na kila kitu changu.

Basi tuanze na kebo. Kebo ya gitaa ni kitu rahisi mno: waya mwembamba wa katikati unaobeba sauti, na wavu wa nyaya za shaba unaouzunguka ili kuzuia kelele za nje. Karibu kila mara hufa mahali pale pale, inapoingia kwenye jeki, ile ncha ya chuma inayochomekwa kwenye gitaa, kwa kuwa hapo ndipo inapokunjika tukiikanyaga, tukigeuka na tukiivuta. Dalili yake ni mkwaruzo unaokuja na kwenda kila ukisogeza mguu, na mara nyingi mtu hulaumu gitaa au ampu kwa majuma mawili kabla ya kuishuku kebo. Ukienda Luthuli Avenue kununua jeki, chagua ile ya chuma inayofunguka kwa kuzungushwa. Iliyozibwa kwa plastiki haina tiba, ikifa imekufa. Nunua pia lehemu na chuma cha kulehemu, ujifunze kwa kebo mbovu kabla ya kugusa iliyo nzima. Ufundi huo hauhitaji zaidi ya mchana mmoja kuupata. Ukiwa jukwaani, pitisha kebo ndani ya mkanda wa gitaa kabla ya kuichomeka, ili mtu akiikanyaga avute mkanda badala ya jeki, na baada ya kazi usiizungushe kwenye kiwiko kwa nguvu kama kamba ya mbuzi.

Kebo zangu, tatu za mita sita na moja fupi, hukaa katika sanduku la bati lililotengenezwa Kamukunji, la aina ile ile ambayo mzazi humnunulia mtoto anayekwenda kidato cha kwanza, lenye kufuli na jina langu kwa rangi nyeupe kifunikoni. Wenzangu hulicheka. Limepanda matatu, limenyeshewa kwenye Thika Road, limekaliwa kama kiti nyuma ya mahema, na hakuna aliyewahi kulichukua akadhani ni lake.

Ndani ya sanduku hilo, kando ya kebo, kuna betri mpya ambayo haijatolewa kwenye karatasi yake. Besi za asili hazihitaji betri: nyuzi za chuma hutetema juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na mtetemo huo huzaa umeme mdogo unaokwenda kwenye ampu. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ya Marekani ilitoa StingRay, besi iliyobeba ndani yake saketi inayoendeshwa na betri ya volti 9, na tangu hapo besi za namna hiyo zimeenea kiasi kwamba nyingi mtakazozikuta madukani leo zina betri tumboni. Ambalo muuzaji husahau kukwambia ni kwamba betri huanza kuliwa mara tu jeki inapoingia, hata kama hupigi chochote. Mimi nilijifunza hilo siku ya Pasaka. Nilikuwa nimemaliza mazoezi Jumamosi nikaliacha gitaa kwenye stendi, kebo ikiwa ndani. Kesho yake, katika wimbo wa tatu, sauti ilianza kukwaruza kama redio inayoishiwa nguvu, kisha ikanywea mpaka ikazimika. Kijana wa mitambo alichomoa betri kwenye maikrofoni isiyo na waya, akanitupia, na mhubiri akahubiri ufufuo akiwa amefungwa kwenye kebo ya mita kumi. Alilitania jambo hilo mimbarini, akinitazama. Siku hizi jeki yangu hutoka kabla sijakaa kunywa chai.

Sasa tuingie kwenye umeme, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo, kwa sababu huku ndiko tunakoumizwa zaidi. Umeme wa ukutani nchini Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na wa Marekani ni wa volti 120 na mizunguko 60. Miaka mingi iliyopita jamaa yetu mmoja alirudi kutoka huko na ampu ndogo ya besi, akaniazima niitumie katika harusi ya nduguye. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili bapa. Nilikwenda dukani, nikanunua kile kichwa cha kuifanya plagi ya kigeni iingie kwenye soketi yetu, nikadhani nimemaliza. Kichwa kile hubadilisha umbo la miguu tu; volti zinapita kama zilivyo. Nilipowasha, taa ndogo ya mbele iling'aa kupita kiasi, nikasikia mlio kama wa bisi moja inayopasuka chunguni, na moshi mwembamba wenye harufu kali ukapanda kabla sijapiga nota hata moja. Nyuma ya ampu, kwa herufi ambazo hata babu angezisoma bila miwani, paliandikwa volti 120. Harusi niliipiga nikiwa nimechomekwa kwenye spika za mwimbaji, na ampu niliilipa kwa awamu tano. Mwenye kifaa cha huko anahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi wati inazokula kifaa hicho, na kabla ya yote anahitaji kukigeuza kifaa akisome mgongoni.

Mateso ya pili ya umeme ni mvumo. Mmewahi kusimama jukwaani mkasikia spika ikivuma hata kabla ya mtu kugusa chombo: huo ni umeme wa ukutani ulioingia katika njia ya sauti. Sasa angalieni jambo ambalo sikulijua mpaka liliponitesa. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, yaani E, ukipigwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Ukiubana kwenye freti ya tatu, yaani kile kijiti cha tatu cha chuma kilicholala juu ya shingo ya gitaa, unapata G, ambayo ni mitetemo 49. Mvumo wa umeme wetu ni 50. Maana yake ni kwamba umeme wa Kenya unaimba G iliyopanda kidogo, na unaiimba mfululizo, bendi iwe katika ufunguo wowote. Usiku mmoja, katika ukumbi wa zamani Eastlands, kila nilipotua kwenye G ile ya chini nota iliyumba: inavimba, inanywea, inavimba tena, mara moja kwa kila sekunde, kama mtu anayesukuma mlango na kuuvuta. Nilikaza uzi, nikaulegeza, nikapima kwa tyuna, na tyuna ikasema uzi uko sawa. Mpiga kinanda akaanza kunitazama kwa jicho ambalo wapiga besi wote wanalijua. Kumbe zilikuwa 49 na 50 zikigombana, na ile tofauti ya mtetemo mmoja kwa sekunde ndiyo kuyumba niliyokuwa nikiisikia. Gitaa halikuwa na kosa lolote.

Tuliupata ufumbuzi wakati wa mapumziko. Ampu yangu ilikuwa imechomekwa nyuma ya jukwaa, kinanda upande wa dirisha, na mikseri kule mlangoni. Vifaa viwili vikiunganishwa kwa kebo ya sauti, na wakati huo huo vikawa vimeunganishwa na ardhi kwa nyaya mbili tofauti za jengo, njia hizo hufanya duara, na duara hilo huokota mvumo. Tulivuta ekstensheni moja nzuri, vyote vikala kutoka soketi moja, na ukumbi ukanyamaza. Ndiyo sababu nasema kwamba kisanduku cha DI kinastahili kununuliwa kabla ya ampu. Ni kisanduku kidogo cha chuma ambacho unakichomekea besi, nacho huigeuza sauti dhaifu ya gitaa iweze kusafiri makumi ya mita hadi kwenye mikseri bila kuokota kelele, na kina swichi ya kutenganisha ardhi ya njia ya sauti pale mvumo unapokataa kutoka. Nyumba nyingi za muziki hapa Nairobi hazihitaji uje na ampu hata kidogo; fundi wa sauti anataka waya wako tu. Ukifika na kisanduku chako kizima, fundi huyo atakuwa rafiki yako hadi alfajiri.

Usiichanganye swichi ile na ujinga mwingine ambao nimeushuhudia, wa kuukata waya wa ardhini ndani ya plagi ya miguu mitatu ili kuua mvumo. Nyuzi za besi zimeunganishwa na ardhi ya mtambo kupitia daraja, kile kipande cha chuma zinapofungwa. Vidole vyako viko juu ya ardhi hiyo usiku kucha. Mdomo ukigusa maikrofoni iliyounganishwa na mtambo mwingine wenye hitilafu, mwili wako ndio unaokuwa waya kati ya mitambo hiyo miwili. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, huko Wales, kwa kupigwa na umeme alipogusa maikrofoni. Kabla ya kuimba katika ukumbi nisioujua, mimi huigusa maikrofoni kwanza kwa mgongo wa kidole, kwa kuwa misuli ikishtuliwa na umeme hukunja kiganja, na mgongo wa kidole hujiondoa badala ya kung'ang'ania. Nikihisi chochote, hata kama ni kama mwasho wa siafu, namwita fundi na siimbi.

Nyuzi sasa. Kuna zilizozungushiwa waya wa mviringo, ambazo hulia kwa ung'avu na kuparuza vidole, na kuna zilizozungushiwa utepe bapa, laini mkononi na zenye sauti nzito iliyofunikwa kidogo. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia hizi bapa, akapiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na anasifika kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Sisi wa nyuzi za mviringo hatuna raha hiyo, maana uchafu huingia kati ya mizunguko ya waya na kuziua mapema, na seti moja si bei ya sukari. Kwa hiyo, nyakati za ukame kama Januari, tumezichemsha. Unauvua kila uzi, unauzungusha uwe duara, unaweka vyote kwenye sufuria, maji yakifunika, siki kijiko kimoja, na moto kwa dakika kama kumi. Yale maji yatageuka rangi ya chai isiyo na maziwa: hayo ni mafuta ya vidole vyako, ngozi yako na jasho la harusi kumi na tano. Zifute, zikauke kabisa, kisha zirudishe. Zitalia kama mpya kwa siku chache, halafu zitafifia, na safari ya tatu ya sufuria hazisikii tena dawa. Msitumie sufuria ya nyumbani. Mimi niliitumia, na ugali wa siku ile nililazimika kuupika mwenyewe katika sufuria mpya.

Nyuzi nne zikikazwa huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na kinachozuia shingo isipinde ni nondo ya chuma iliyofichwa ndani ya mti. Nairobi iko juu, hewa yetu ni kavu kiasi, na gitaa lililozoea huku likishushwa Mombasa kwa wiki mbili mti hunywa unyevu, shingo husogea, na nyuzi huanza kugonga freti au kupaa mbali na vidole. Usilipeleke kwa seremala. Tia kifunguo cha pembe sita kwenye ncha ya nondo ile, robo mzunguko, usubiri nusu saa, ujaribu tena. Anayezungusha mizunguko mitatu kwa hasira huivunja nondo, na shingo mpya hugharimu karibu bei ya gitaa jingine.

Naona saa inakwenda, nami sijagusa kupiga kwenyewe, ambako hakununuliwi mahali popote. Wazee walioketi hapa mbele wanajua kwamba besi ya mji huu imelelewa katika nyumba mbili. Ya kwanza ni benga, iliyozaliwa Nyanza pale Waluo walipohamishia kwenye gitaa mapigo ya nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake hukigonga pia kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu. Sikilizeni Shirati Jazz ya D. O. Misiani: besi haijifichi nyuma, inakimbia bega kwa bega na gitaa la solo, na kijana aliyezoea nyimbo za polepole za kanisani mkono wake wa kulia utaungua kabla ya wimbo wa pili kwisha. Nyumba ya pili ni rumba iliyokaa Nairobi ikawa mwenyeji: Super Mazembe na Les Mangelepa kutoka Kongo, ndugu wa Simba Wanyika kutoka Tanga, na Les Wanyika waliojitenga nao mwaka 1978. Tom Malanga, aliyepiga besi katika Les Wanyika, amenifundisha mengi kupitia redio kuliko mwalimu yeyote niliyemlipa. Besi yake huuliza jambo kisha hunyamaza, na katika kimya kile gitaa la ridhimu hujibu. Mwenye papara akikijaza kimya kile, gitaa la ridhimu halina pa kusemea, na wimbo unageuka kelele zenye mpangilio.

Papara hiyo niliwahi kuwa nayo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne nilipoitwa kushika nafasi ya mpiga besi aliyeugua katika bendi ya wazee wa zilipendwa, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza mambo mengi chumbani, niliyapiga yote usiku ule. Nilipanda hadi freti za juu, nikapiga kwa dole gumba kama niwaonavyo Wamarekani kwenye video, nikashuka kwa kishindo. Watu waliendelea kucheza, lakini walicheza wakiangalia chini, kama wanaotafuta kitu kilichoanguka. Wakati wa mapumziko mzee wa gitaa la ridhimu alininunulia soda, akakaa kimya mpaka nikaimaliza, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: kwa kuwa nimekijaza chumba chote, wao waketi wapi? Kipindi cha pili nilipiga nota tatu kwa wimbo mzima. Nilipokosea hata moja kati ya hizo tatu, nilisikia ukumbi ukishtuka, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi.

Kinachomfanya mtu apige nota tatu na zitoshe ni mahali anapozimalizia. Wanaoanza hufundishwa jinsi ya kuupiga uzi, na ni wachache wanaofundishwa jinsi ya kuunyamazisha. Kiganja cha kushoto kikilegezwa kidogo juu ya uzi, bila kuuacha, nota hufa pale pale. Dole gumba la kulia likilala juu ya uzi mnene, uzi ule hauvumi wenyewe wakati unapopiga mwingine. Jaribuni nyumbani na wimbo mmoja wa rumba, mkipiga nota zile zile mara mbili, kwanza mkiziacha zilie hadi zinyauke, kisha mkizikata pale mguu wa mpiga ngoma unapoinuka. Jukwaani simameni upande wa matoazi ya mguu ya mpiga ngoma, ili mwone goti lake likipanda. Goti hutangulia sauti.

Kuhusu besi ya nyuzi tano, swali hili huulizwa kila mara na wanaopiga kanisani, na jibu langu ni ndiyo, ikiwa kiongozi wenu wa sifa ana tabia ya kubadilisha ufunguo bila taarifa. Uzi wa tano, B, hutetema kama mara 31 kwa sekunde, nao hukuwezesha kupata D na E bapa za chini bila kuruka juu. Spika ndogo za hemani, hata hivyo, haziwezi kuutoa mtetemo wa 31. Sikio lako husikia mitetemo ya juu inayofuatana nao na kujijazia lililokosekana, kwa hiyo usiongeze sauti ukidhani uzi haufanyi kazi. Utaipasua spika.

Ampu nitazipitia haraka. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa ampu ya SVT ya wati 300, yenye kichwa, yaani sehemu ya kukuza sauti, cha kilo takriban 38 bila kuhesabu kabati la spika, na mnaweza kuwazia kulipandisha dude hilo ngazi za ghorofa ya tatu River Road. Leo kichwa cha wati 500 hukaa katika mkoba wa kompyuta. Kilichobaki vile vile ni hesabu ya ukinzani wa spika, unaopimwa kwa omu: kabati moja la omu 8 pamoja na jingine la omu 8 huwa omu 4 kwa ampu, na ukiongeza la tatu unashuka chini ya omu 3, mahali ambapo ampu nyingi za siku hizi hujizima au kuungua. Tena, wimbi la E wazi lina urefu wa mita kama nane, na likigonga kuta na kurudi, besi husikika tofauti kila mahali ukumbini, kwa hiyo unayoisikia pale unaposimama huenda siyo wanayoisikia watu. Usiwe mwepesi wa kuongeza sauti kwa kuwa hujisikii. Mwombe mtu aende katikati ya ukumbi akusikilize. Ukiliweka kabati pembeni, kuta mbili zinapokutana, besi huvimba bure. Mara nyingine hiyo ni neema, na mara nyingi ni tope.

Masikio pia ni kifaa, na hayana vipuri. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane, na kwa kipimo kinachotumiwa na wengi wao, kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Desibeli 100, ambazo bendi ya kawaida ukumbini hufika bila jasho, hukupa dakika kumi na tano. Mimi huvaa vizibo. Niliviona ni aibu kwa miaka tisa, na sasa sikio langu la kushoto, lile lililokaa upande wa matoazi, hulia lenyewe nikizima taa usiku.

Haya, gitaa. Leo Fender wa California, fundi wa redio ambaye hakuwa mpiga gitaa, alitoa gitaa la besi liitwalo Precision Bass mwaka 1951. Aliliita hivyo kwa sababu freti zilimwezesha mpigaji kuipata nota kwa usahihi, jambo ambalo besi kubwa ya kusimama haikumrahisishia mtu. Urefu wa nyuzi aliouchagua, inchi 34, ndio unaotumiwa na besi nyingi hadi leo, na gitaa la nakala lililotengenezwa vizuri katika kiwanda cha Asia hufuata vipimo hivyo hivyo. Ukienda kununua, hata la mtumba, funga macho kwanza na upige kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, hata kama muuzaji anakunja uso. Litazame kwa urefu kama anavyotazama seremala ubao. Zungusha kila kitufe usikie kama kinakwaruza. Liweke begani kwa dakika ishirini, maana harusi huchukua muda wa saa nne, na la kilo tano halitakuwa rafiki yako saa ya tatu. Likifaulu hayo, jina lililoandikwa kichwani ni lako na fedha zako. Langu nililonunua kwa mtu nikiwa na miaka ishirini na sita halina jina kabisa, kwa kuwa mwenyewe wa kwanza alilikwangua, na bado ndilo nililokuja nalo leo.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake, nami nashukuru kwa subira yenu. Nimeomba meza ile ya pembeni iachwe wazi, na chuma cha kulehemu kimekwisha kupata moto. Aliye na kebo iliyokufa aje nayo mbele, tuifungue pamoja.